Kabla Hujasema "Ami, Nipimie"

Duka langu liko nyuma ya Marikiti, hapa Mombasa, kwenye kichochoro ambacho harufu ya karafuu hukupokea kabla ya mwenye duka. Lilikuwa la babu, likawa la baba, sasa ni langu mimi na magoti yangu. Upande wa kulia nauza viungo: hiliki, mdalasini, pilipili manga, bizari nzima, manjano. Upande wa kushoto, kwenye makopo ya bati yaliyokuwa ya biskuti, ndiko kwenye dawa: habasoda, sanamaki, urukususu, uwatu, shubiri, majani makavu ya mwarobaini, maganda ya komamanga.

Zamani mtu alikuja na maradhi yake, tukaulizana, tukaelewana. Siku hizi watu waja na simu. Ataiweka juu ya kioo cha meza, ataibonyeza, na sauti ya bwana mmoja tusiyemjua wala yeye hatujui itaanza: twanga kitunguu saumu, kamua ndimu saba, unywe siku arobaini, na vidonge vya presha utupe jaani. Ikiisha, mteja ananitazama usoni. "Umesikia, Ami? Basi nipimie."

Mizani ipo, na kupima ni kazi ya dakika moja. Lakini kuna mambo ambayo humwambia mtu kabla sijashika kijiko, na mengine si ya dukani, ni ya jikoni kwake, maana wengi wanaonijia wameshika tumbo hawakuhitaji dawa. Walihitaji kumwaga wali wa jana.

"Ni miti tu"

Hakuna neno linaloniudhi kama hili: "Ni miti tu hii, Ami, haina madhara." Anayelisema hudhani ameisifu biashara yangu. Ameitukana. Kama mzizi hauna nguvu ya kukudhuru hata ukiula gunia zima, hiyo nguvu ya kukuponya imetoka wapi? Kwinini waliyomezeshwa wazee wetu ilitoka kwenye ganda la mti. Dawa ya malaria unayopewa zahanati leo ina kitu kitokanacho na artemisinini, na asili yake ni mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga. Mama mmoja wa huko, Tu Youyou, alianza kwa kupekua maandishi ya waganga wa kale, akafika mpaka Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sasa mmea huohuo ukiuchemsha nyumbani kama chai, hujui umekunywa dawa kiasi gani: leo jani kali, kesho jani hafifu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali malaria itibiwe kwa chai hiyo. Mti ni uleule, tofauti ni kipimo.

Hili sikulisoma mahali. Lilinipata mwilini. Msimu mmoja wa kusi nilishikwa na kikohozi kikavu. Mwenye kopo zima la urukususu aende kupanga foleni famasi? Niliona haya. Nikawa natafuna vijiti kutwa nzima nikihudumia watu, na usiku nachemsha vingine na tangawizi. Kikohozi kilitulia, lakini mie nikaendelea, maana ni vitamu. Wiki ya tano hivi nikaona viatu havinipandi. Miguu imejaa, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Na mie ni mtu wa vidonge vya presha miaka mingi.

Kiliniki mashine ilisoma 190 kwa 110. Muuguzi hakuiamini, akapima mkono wa pili. Daktari, kijana mdogo wa kumzaa mie, akauliza, "Mzee, kuna kitu kingine unachotumia?" Nikajibu hakuna. Wallahi sikukusudia kudanganya. Urukususu kwangu haukuwa "kitu", ulikuwa urukususu. Damu ilipopimwa potasiamu ikaonekana imeshuka, akanirudia tena, pole pole: "Hunywi chai ya majani? Hakuna mzizi unaotafuna?" Nilicheka peke yangu pale kitini, maana kijiti kimoja kilikuwa mfukoni mwa shati.

Ndani ya mzizi ule mna kitu kiitwacho glisirizini. Huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na potasiamu itoke na mkojo. Presha hupanda, misuli hulegea, na ukizidisha, moyo hupiga ovyo. Niliacha, na baada ya wiki chache viatu vikaingia. Mficha maradhi kilio humfichua, nami nilikuwa nayaficha bila kujua kwamba nayaficha.

Njoo na mfuko

Kwa hivyo ukija kwangu kwa dawa ya kunywa siku nyingi (si karafuu ya jino, si tangawizi ya chai), njoo na vidonge vyako vyote kwenye mfuko. Usiniambie "vile vyeupe vidogo." Vyeupe vidogo viko mia. Na siku ya kwenda hospitali, lile pakiti langu liweke kwenye mfuko uleule. Mie siandiki "dawa ya kifua" wala "dawa ya mgongo." Naandika jina la mti kwa kalamu ya wino, tarehe, na kiasi. Ukikutana na muuzaji ambaye hataki kukutajia ni mti gani, eti ni siri ya ukoo, mwachie siri yake na ukoo wake.

Kwa nini nataka kuviona? Nitataja vile tu ninavyokutana navyo kila wiki.

Wenye sukari hupenda uwatu na karela, na si uongo, vyote viwili hushusha sukari. Tatizo ni kwamba kidonge nacho chashusha, na sindano ya insulini nayo yashusha. Ukivijumlisha, sukari yaweza kuporomoka: jasho jembamba, mikono inatetemeka, moyo unakimbia, maneno yanapotea. Hapo dawa ni sukari ya haraka, nusu glasi ya soda au juisi yenye sukari, kisha chakula, si kumfukizia mtu ubani. Karela ya mchuzi kula uendavyo. Ninayoikataa ni glasi ya juisi yake kila asubuhi kwa mtu anayejidunga na hapimi.

Anayetumia dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, kama warfarini, asiongeze mapunje ya kitunguu saumu kumi kwa siku wala vidonge vya mafuta yake. Kwenye mchuzi hakuna neno. Na kama utang'olewa jino au utapasuliwa, mwambie daktari mapema. Balungi nalo, tunda zuri kabisa la asubuhi, hugombana na baadhi ya vidonge vya presha na vya mafuta ya damu, likakifanya kidonge kimoja kiwe kama vitatu. Uliza famasi kabla ya kulizoea.

Sanamaki. Kila baada ya Ramadhani, mkiisha kufuturu kaimati na viazi karai mwezi mzima, mwaja mnataka kusafisha tumbo na kupungua. Sanamaki ni dawa ya kuendesha, na kwa choo kigumu siku mbili tatu ni nzuri. Haipunguzi mafuta hata chembe. Mizani inayoshuka ni maji yaliyotoka, na ukinywa dafu moja na bilauri mbili za maji yanarudi. Anayeinywa mwezi mzima matumbo yake huzoea kusukumwa, na potasiamu humwishia kama ilivyoniishia mie. Kipimo changu cha mteja mmoja ni cha siku tatu. Ukirudi wiki ijayo nitakwambia imekwisha, nawe utaliona kopo limejaa, na hatutagombana.

Wasiopewa

Mtoto hajafikisha mwaka, asilambe asali. Hata tone la kumwekea ulimini akizaliwa. Najua bibi zenu walifanya, na wangu alifanya. Asali huweza kuwa na mbegu za vijidudu ambazo tumbo la mkubwa huzizuia zisiote na la mchanga halijaweza, zikaota na kutoa sumu ya kulegeza mwili mpaka pumzi. Akishapita mwaka, kijiko cha asali usiku kwa kikohozi ni dawa ya kweli, nami ndiyo naipendekeza.

Mafuta ya mwarobaini hayapiti kinywani mwa mtoto. Watoto wachanga waliopewa wamewahi kupata degedege, na wengine wamekufa. Mwenye mimba simuuzii mwarobaini wa kunywa, wala shubiri. Odowa niliacha kuiweka kabisa, ingawa ilikuwa ikitoka kuliko hiliki. Hamu ya kutafuna udongo mara nyingi ni alama ya damu kupungua, na udongo wenyewe huzuia chuma cha kwenye chakula kisiingie mwilini, tena waweza kuja na mayai ya minyoo. Ukiitamani, nenda kiliniki ya wajawazito upimwe damu.

Na wanja wa jiwe wa kumpaka mtoto machoni: baadhi yake ni madini ya risasi yaliyosagwa. Macho ya mtoto ni mazuri hivyo hivyo.

Kununua bila kuuziwa rangi

Nunua kizima, twanga mwenyewe. Kinu na mchi kila nyumba ya Kiswahili vipo, na kama havipo basi jirani anavyo. Manjano ya unga ndiyo nayaogopa zaidi. Bangladesh waligundua watu wakiyang'arisha kwa kromati ya risasi, rangi ya njano ya viwandani, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hula akili yake taratibu. Mizizi mizima nayo ilikuwa ikipakwa huko, kwa hivyo ioshe na uisugue kabla ya kuianika. Yenye njano ya kupiga kelele iliyobaki kiganjani kama chaki, iache. Manjano halisi kwa nje yana rangi ya udongo na hayana uzuri wowote.

Zafarani tia nyuzi mbili kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu. Ya kweli hutoa rangi ya dhahabu kwa uvivu, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ya bandia huvuja nyekundu papo hapo na uzi unapauka. Asali je? Hapo sitakudanganya. Kuiwasha kiberiti, kuimwaga mchangani, kuitegea sisimizi, yote ni michezo, na shira iliyopikwa vizuri hufaulu mitihani hiyo yote. Asali nunua kwa mtu unayemjua na unayeweza kumrudia.

Kisha kuna ile inayoponya haraka mno. Mwaka jana alinijia bwana mmoja mwenye begi na tabasamu, akitaka nimuuzie unga wa "nguvu za kiume", miti mitupu, asema, na wa viungo vinavyouma. Faida nusu kwa nusu. Mie baba yangu aliniusia: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Unga wa miti unaomsimamisha mzee ndani ya nusu saa una uwezekano mkubwa wa kuwa na kidonge cha hospitali kilichosagwa ndani, sildenafili, na mwenye dawa za moyo za jamii ya naitreti akiumeza, presha yaweza kuanguka asiamke. Na ule wa viungo unaomaliza maumivu kwa siku moja, kisha baada ya wiki kadhaa uso unajaa kama mwezi na njaa haishi, mara nyingi una steroidi. Ukishautumia muda, usiukate ghafla. Nenda na pakiti kwa daktari akushushe pole pole. Yule bwana nilimpa kahawa chungu na kashata, akaenda zake.

Samaki, kiporo na maji

Nije jikoni sasa.

Jioni moja nilinunua vipande vya jodari wa kukaanga njiani, vimoto, vina ndimu na pilipili. Sijafika mlangoni uso ukaniwaka, masikio yakawa mekundu, kichwa kinagonga kama ngoma ya harusi na mwili wote wawasha. Mke wangu akasema nimepigwa jicho na mtu wa kichochoroni, akatia ubani chetezoni. Halikuwa jicho, wala si kwamba mwili wangu unakataa samaki, maana jodari nala tangu utotoni. Jodari, sehewa na vibua, wakikaa juani bila barafu, bakteria hugeuza nyama yao ikawa na histamini nyingi. Na hii ndiyo sehemu watu hawaiamini: samaki akishaharibika hivyo, kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, wala kumtia kwenye friza. Dalili huja ndani ya dakika chache mpaka saa moja. Kidonge cha kuzuia mwasho kilinituliza. Pumzi ikibana, usingoje kidonge, kimbia hospitali.

Basi ukienda kununua, usianze na macho ya samaki, anza na barafu. Iko, haiko? Kisha jicho liwe limetokeza na linang'aa, shavu ndani liwe jekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Ukionja kipande kikakuchoma ulimi kama pilipili na hukutia pilipili, tema. Kasa msimguse kabisa. Machi 2024, kisiwani Panza kule Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama yake, na sumu hiyo nayo haiogopi moto. Tena hapa kwetu Kenya kumchinja ni kosa la kisheria.

Kiporo nacho. Pilau ya hitima imepikwa saa kumi, sufuria ya kilo ishirini, wageni wamekula, iliyobaki imefunikwa na kuachwa uani mpaka asubuhi ili igawiwe majirani kwa chai. Ndani ya wali mna mbegu za bakteria ambazo moto wa kupikia hauzimalizi. Katikati ya sufuria kubwa mnabaki vuguvugu usiku kucha, zinaota, zinatoa sumu, na kuupasha moto wali asubuhi kunaua bakteria na kuiacha sumu palepale. Ndiyo sababu watu watatapika wote pamoja na kulaumu nyama. Wali uliobaki umimine kwenye masinia mapana, uusambaze uwe mwembamba, upoe, uingie kwenye friji. Wataalamu huhesabu muda wa saa mbili nje ya friji, na joto likipita digrii 32 muda wa saa moja tu, yaani kwetu wakati wa kaskazi ni saa moja. Friji haina nafasi? Gawa usiku uleule. Majirani hawalali mapema siku ya hitima.

Maji ya mkokoteni huwezi kujua yametoka kisima gani. Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja nzima, uyafunike, uyachote kwa kata yenye mpini na si kwa kikombe kinachoshikwa na kila mkono. Kuharisha kukiingia nyumbani, kabla ya ganda la komamanga wala kitu chochote changu: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vifutwe juu, visiwe vya mlima. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, hata akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena. Pakiti za dukani ni bora zaidi, na mtoto apewe na vidonge vya zinki. Dafu ni zuri ila lina sodiamu kidogo, halitoshi peke yake kwa mtu aliyeishiwa. Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, au mtoto analia bila machozi, ondokeni hapo mlipo muda huohuo mwende hospitali.

Unga wa mahindi: mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya kuvu, ile aflatoksini. Sima ikiiva haiondoi. Mahindi na karanga zilizokunjamana, zenye ukungu au rangi ya kijani, tupa, na usimpe kuku wala mbuzi, kwani kwa mbuzi sumu hupita mpaka kwenye maziwa. Unga wa pakiti una nambari chini ya alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023, utajibiwa kama ni halali. Kipimo cha Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona, kwa hivyo unga mzuri kwa macho si ushahidi.

Embe za kuivishwa kwa kabaidi wazijua: nje njano tupu kama limepakwa rangi, ndani gumu na chachu karibu na kokwa. Nunua boribo au ngowe zilizokomaa lakini hazijaiva, zifunike kwenye kikapu pamoja na ndizi mbivu, siku tatu nne. Na maziwa ya ngamia: sauti za simu zasema yakichemshwa yanakufa. Kinachokufa ni brusela, homa inayokuja na kuondoka miezi kadhaa, viungo vyote vinauma, na tiba yake ni wiki nyingi za antibayotiki. Mie nayachemsha, na hayajawahi kulalamika.

Homa

Kwa homa simuuzii mtu kitu mpaka aniambie amepimwa. Kipimo cha malaria ni tone la damu na dakika kama kumi na tano. Na Mombasa si malaria tu, dengi ilitupiga 2013, ikarudi 2017, ikarudi tena 2021. Macho yauma kwa nyuma, mifupa kama imevunjwa. Usimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kujua ni nini, kwa sababu dengi huweza kuleta kutoka damu. Parasetamoli, maji mengi, na kupumzika. Juisi ya majani ya mpapai ambayo kila mtu aniuliza? Kuna tafiti zilizoona chembe za kugandisha damu zikipanda kidogo. Sikukatazi. Nakukataza kukaa nayo nyumbani wakati tumbo linauma kwa nguvu, unatapika bila kukoma, au fizi zinatoka damu, hasa homa ikishashuka na mkadhani imekwisha, maana hapo ndipo dengi hugeuka.

Hijama, yaani kuumika, siifanyi, lakini mkinituma kwa mtu naangalia kitu kimoja: wembe auvunje karatasi mbele yangu.

Vya kwangu ninavyoviamini bila ubishi ni vichache. Karafuu ya jino, ambayo hata madaktari wa meno hutumia mafuta yake, na inakununulia usiku mmoja tu mpaka ufike kwao. Tangawizi kwa kichefuchefu. Asali ya kikohozi niliyokwisha kuitaja. Utomvu wa shubiri mbichi kwa kidole kilichoguswa na kikaango, baada ya kukiweka kwanza chini ya maji ya bomba dakika ishirini. Habasoda naiuza kwa imani na kwa ladha, nami huila na asali kila asubuhi, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba uile ukiacha insulini.

Nafungua saa mbili asubuhi. Ijumaa nafunga saa sita, narudi saa nane. Urukususu bado uko, kopo la tatu kutoka juu. Nitakuuliza presha yako kwanza.